Asije Akarowa

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya waandishi na waigizaji vijana waliokusanyika Mji Mkongwe kuzungumzia michezo ya redio na filamu fupi. Wenzetu wa Pemba waliokwama kwa hali ya bahari waliomba wayasome. Nimeyaandika kama nilivyoyatamka, ila picha zilizokuwa zikionyeshwa ukutani nimeziacha.

Assalaam aleikum.

Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu mliokaa mbele, na nyinyi wanangu mliojaa mpaka kwenye ngazi, nakushukuruni kwa kuja na mvua hii.

Nimeombwa nizungumze kuhusu wahusika. Nimeandika michezo ya redio kwa zaidi ya miaka thelathini, kwa hiyo ningeweza kukuelezeni namna ya kumjenga shujaa, namna ya kumficha mwizi, namna ya kumfanya mama mkwe asikike hata akiwa kanyamaza. Leo sitoyagusa hayo. Leo nataka mhusika mmoja tu, yule ambaye karibu kila mtu humu ndani ameshamuandika, au ameshamcheza, au ameshamcheka.

Mnamjua. Anaingia jukwaani kiuno kimemtangulia, mkono umelegea, sauti nyembamba, na kabla hajafungua mdomo watu wameshaangua kicheko. Mnamjua. Hana mama. Hana kazi. Hana deni dukani wala mtoto wa dada yake anayemsomesha. Tumempa kiuno, basi. Akishachekwa anatoka, na mchezo unaendelea na watu wenye majina.

Huyo ndiye ninayetaka tumzungumze: mtu tunayemdhania anapenda wanaume wenzake. Najua jambo hili lina uzito hapa kwetu, na najua wengine mmeanza kuangaliana. Atakayetaka kutoka atoke, sitomkasirikia. Atakayebaki namuomba anisikilize mpaka mwisho, kisha anipinge akitaka.

Twendeni kwanza Shangani.

Nyumba ile mnaijua. Kila siku wageni wanapiga picha mlangoni, na ndani kuna makumbusho yaliyofunguliwa Novemba 2019. Farrokh Bulsara alizaliwa hapa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa Bomi na Jer, Waparsi wenye asili ya Gujarat. Baba yake alikuwa keshia katika serikali ya Muingereza. Alipofika umri wa miaka minane alipelekwa skuli ya bweni Panchgani, India. Alirudi nyumbani 1963, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ikahamia Uingereza. Huko ndiko alikojulikana kama Freddie Mercury, muimbaji wa bendi ya Queen. Alifariki London tarehe 24 Novemba 1991 kwa maradhi yaliyotokana na UKIMWI, siku moja tu baada ya kuutangazia ulimwengu kwamba anaumwa. Alikuwa na miaka 45. Mwanamme aliyekuwa mwenza wake, Jim Hutton, alikuwa naye mpaka mwisho.

Mwaka 2006, ambapo angetimiza miaka 60, watu walipanga kumfanyia sherehe hapa ufukweni. Jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho ikapinga, ikasema sherehe hiyo ni aibu kwa visiwa vya Waislamu, na sherehe haikufanyika. Miaka 13 baadaye makumbusho yakafunguliwa, tena katikati ya mji. Nakuulizeni: katikati hapo tulizungumza nini? Nani alikaa na nani barazani wakalijadili jambo hili mpaka likaisha? Hakuna. Tulilivuka kimya kimya kama mtu anavyovuka maji usiku, anapapasa kwa mguu na haulizi kina.

Siku moja nilisimama jirani na mlango ule, nikamsikiliza kijana mtembeza wageni. Alikuwa anajua kazi yake. Ametaja miaka, ametaja skuli, ametaja nyimbo. Mgeni mmoja akamuuliza kwa upole, watu wa hapa wanamuonaje? Yule kijana akatazama chini. Alikuwa na funguo mkononi, akazizungusha kwenye kidole mara mbili, tatu. Kisha akasema, muziki wake tunaupenda.

Sikumlaumu, wanangu. Nilimuonea huruma. Kijana ana lugha mbili tatu kichwani, anauza kwa lugha hizo, na katika zote hakuna iliyompa maneno ya kujibu swali lile bila ya kujivunjia heshima yake au ya yule maiti. Na kazi ya kuwapa watu maneno ni ya nani? Si ya mwanasiasa. Ni yetu sisi.

Msidhani hao wa nje wamelimaliza. Filamu ya maisha ya mtu huyu ilitoka 2018, na Rami Malek aliyemcheza akapata tuzo ya Oscar. Ilipofika China, 2019, vipande vya kuonyesha alimpenda nani vilikatwa. Hata kabla ya mkasi wa China, waandishi wenyewe walikuwa wameshafanya jambo. Kwenye filamu, Freddie anawaambia wenzake kwamba ni mgonjwa kabla ya lile tamasha la Wembley la Julai 1985. Jim Hutton yeye alieleza kwamba ugonjwa ulijulikana 1987. Miaka miwili imerudishwa nyuma! Mimi ni mwandishi, najua kwa nini mtu anasogeza tarehe. Anataka machozi yamiminike pale ngoma inapopamba moto. Lakini tazameni linalotokea: mtazamaji anatoka sinema akiwa ameoneshwa mtu anayetangatanga, anapenda, anaugua, na hapo ndipo anapoimba vizuri kuliko siku zote. Adhabu imeletwa mbele ili hadithi ikae sawa. Kwa hiyo kuna namna mbili za kumuondoa mtu kwenye hadithi yake. Moja ni kumkata kwa mkasi. Nyengine ni kumbakisha, ukampangia upya maisha yake mpaka yafanane na somo ulilokuwa nalo tangu mwanzo.

Sasa turudi kwenye lugha yetu, kwani hapa ndipo penye utajiri, na mimi napenda kukaa hapa.

Mama yangu alikuwa na shoga yake wa mtaa wa pili. Walikuwa wakinunua doti moja ya khanga wanagawana, kila mmoja anavaa kipande chake, ili wakipita njiani watu wajue hawa ni mtu na shoga yake. "Shoga, umelalaje?" "Shoga, nimeamka." Neno lilikuwa tamu kama halua. Leo mjukuu wangu akiwa Dar es Salaam ndani ya daladala anaogopa kulisema kwenye simu, kwa sababu bara neno hilo hilo limekuwa tusi la kumrushia mwanamme. Tumefanya nini hapo? Tumechukua jina la urafiki wa wanawake tukaligeuza jiwe. Na sisi wenyewe tumepoteza neno.

Nenda kwenye mengine. Hanithi. Msenge. Basha. Msagaji. Yapo mengi, na kila moja limefinyangwa ili mtu amuite mwengine. Hakuna hata moja ambalo mtu angejitambulisha nalo mbele ya mama yake. Ndugu yetu mmoja wa Kenya, Wanuri Kahiu, alitengeneza filamu ya wasichana wawili wanaopendana Nairobi, akaipa jina la Rafiki. Alieleza mwenyewe sababu: watu wa namna hiyo wanapomtambulisha wampendaye wanalazimika kusema tu, huyu ni rafiki yangu. Mwaka 2018 ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi kuoneshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Nyumbani ikapigwa marufuku. Mahakama Kuu ikaja kuifungulia kwa siku saba tu, ili iweze kushindania tuzo. Na sikilizeni hili, nyinyi mnaoandika miisho ya hadithi: mtengenezaji alisema bodi ya filamu ilimtaka abadilishe mwisho, kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Wahusika kupendana kungeweza kuvumiliwa kama mwisho wangekuja kuumia. Kilichoshindikana ni kuwaacha wakiwa wazima.

Najiuliza, ni michezo yangu mingapi niliyoimaliza kwa mtu wa aina hiyo kufa, kufungwa au kutubu kwa kilio? Nimehesabu. Sitokuambieni idadi, ila sikulala vizuri usiku ule.

Hata hivyo Kiswahili kina rehema yake. Muingereza mara nyingi hamtaji mtu bila ya kwanza kuamua kama ni mwanamme au mwanamke. Sisi tunasema "yeye". Tunasema "amekuja", "nampenda", "kaniacha". Kaeni kwenye taarabu muone. Muimbaji anamuita mpenzi, anamuita muhibu, anamuita lulu, anamuita ua, wala hatuambii ua hilo linavaa kanzu au linavaa buibui. Ukumbi mzima unalia na kila mtu analia na wake. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi, alibeba huko mashairi ya namna hiyo. Tena msisahau, Siti huyo huyo aliimba na mambo ya mjini: dhulma za wakubwa, kesi zilizopindishwa, mwanamke aliyeuawa na haki yake ikapotea mahakamani. Fumbo kwake lilikuwa na mlango, na aliujua wakati wa kuufungua.

Mtu atasema: Bibi, lakini hili ni la Wazungu, limeletwa. Nasikia hoja hiyo kila nikizungumza. Basi tuifuate hoja mpaka mwisho wake. Maneno "kinyume na maumbile" yaliyomo kwenye sheria zetu yametoka wapi? Yalitungwa na Waingereza, wakayatia kwenye sheria ya adhabu ya India ya mwaka 1860, kifungu cha 377, wakayatembeza makoloni yao, na kwetu yakafika. Uingereza na Wales walikwisha kuacha kuwafunga wanaume wazima kwa jambo hilo wakilifanya faraghani kwa kukubaliana, walipobadilisha sheria yao 1967. India wenyewe, Mahakama yao ya Juu ilikiondolea nguvu kifungu hicho kwa watu wazima waliokubaliana, tarehe 6 Septemba 2018. Sisi mwaka 2004 Baraza la Wawakilishi lilipitisha marekebisho yaliyoitanua sheria hiyo zaidi, yakataja na wanawake ambao Muingereza hakuwataja. Sasa katika yote hayo, kipi kilichokuja na meli? Watu, au kifungu?

Mimi ni Muislamu. Sikuja hapa kuifasiri dini, wapo wenye elimu hiyo na nawaheshimu. Lakini Suratul Hujurat naijua tangu chuoni, na nyinyi mnaijua. Aya ya 11 inatukataza watu kuwadharau watu, na kuitana kwa majina mabaya. Aya ya 12 inatukataza kupelelezana. Hatukuambiwa tusiwadharau wale tunaowaona wema tu. Tumeambiwa huenda wanaodharauliwa wakawa bora kuliko wanaodharau. Sasa mimi mwandishi ninapomuweka mtu kwenye redio ili mji mzima umdharau, nimesimama upande gani wa aya ile?

Kuna neno jengine linalosumbua watu: fahari. Wakisikia kuna maandamano ya fahari ya watu hao huko ng'ambo, wanaona picha za ngoma, rangi na watu nusu uchi, wanasema hii ndiyo wanayotaka kutuletea Darajani. Mimi siwaambii muandamane Darajani. Nataka mjue tu lilipoanzia. Usiku wa tarehe 28 Juni 1969 polisi waliingia kwenye baa moja New York, Stonewall, walikokuwa wakikutana watu wa namna hiyo, kama walivyozoea, na safari ile waliokuwemo walikataa kupakiwa kwenye gari. Mwaka mmoja baadaye wakatembea mchana barabarani. Hicho ndicho chanzo. Watu waliochoka kukamatwa wamekaa.

Na sisi Waafrika tuna letu. Simon Nkoli wa Afrika Kusini alikamatwa 1984 akashtakiwa kwa uhaini pamoja na wenzake katika kesi ya Delmas. Kosa lilikuwa kupigania uhuru wa nchi yake. Akiwa mahabusu aliwaambia wenzake kwamba yeye anapenda wanaume. Fikirieni. Mko ndani, kesi inaweza kuishia kwenye kitanzi, na mwenzenu anasimama anasema hilo. Baadhi yao walikasirika, hawakutaka kushtakiwa pamoja naye. Wakabishana miezi. Lakini ndio waliokula naye, wakaumwa naye, wakasimama naye kizimbani, na baadhi ya viongozi wakubwa waliotoka katika kesi ile walisema baadaye kwamba yeye ndiye aliyewabadilisha. Tarehe 13 Oktoba 1990 aliongoza maandamano Johannesburg, akawaambia watu kwamba yeye ni mweusi na ni mtu wa aina hiyo, na hawezi kuipasua nafsi yake pande mbili apiganie mmoja na auache mwengine. Katiba yao ya 1996 ikaandika kwamba mtu asibaguliwe kwa hilo.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote katika habari ile ni kidogo sana. Waliokuwa wanaogopa kutambuliwa siku ile walivaa mifuko ya karatasi kichwani, imetobolewa matundu mawili ya macho. Walikuja hivyo hivyo. Mkono umeshika bango, kichwa kimo mfukoni. Nikiwaza fahari siwazi ngoma, nawaza yale macho kwenye matundu. Huyo ni mhusika, wanangu! Asubuhi ametoka nyumbani mfuko ameukunja mfukoni, amemuaga mama yake, amemwambia anakwenda wapi? Amepanda basi gani? Aliuvaa mfuko kona ipi? Hapo kuna mchezo wa saa nzima, na hakuna hata kiuno kimoja ndani yake.

Siasa nitaipita haraka, kwa sababu inajirudia. Maisha yakiwa magumu anatafutwa wa kuelekezewa kidole. Oktoba 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alitangaza kikosi cha kuwasaka watu wa namna hiyo, akawataka wananchi wapeleke majina, mpaka Serikali ikajitenga ikasema huo ni msimamo wake mwenyewe. Hapa kwetu, Septemba 2017, polisi waliwakamata watu 20 hotelini, wanawake 12 na wanaume 8, waliokuwa kwenye mafunzo ya mapambano dhidi ya UKIMWI. Mafunzo ya maradhi! Na maradhi hayaulizi mtu analala na nani kabla ya kuvuka kwenda nyumba ya jirani.

Lakini mwanasiasa hawezi kumuelekezea kidole mtu ambaye watu wanamjua vizuri. Anahitaji kivuli. Nani anamtengenezea kivuli hicho? Oktoba 2010 gazeti moja la Kampala lilichapisha picha na majina ya watu wa namna hiyo, likaandika wanyongwe. Mmoja wao alikuwa David Kato, mwalimu. Alikwenda mahakamani na wenzake, wakashinda, Januari 2011. Mwezi ule ule, tarehe 26, aliuawa nyumbani kwake kwa nyundo. Muuaji alifungwa, na polisi walisema sababu ilikuwa nyengine. Mimi sisemi gazeti lilishika nyundo. Nasema lilimtoa mtu kwenye idadi ya watu, na akishatolewa huko, anayemuendea hajihisi anamuendea mtu. Yule mhariri alitumia herufi. Sisi tunatumia herufi.

Sasa nifike kwangu.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nakaa humu humu Mji Mkongwe, na chini ya ngazi ya nyumba ya mbele alikuwepo fundi wa kanzu. Duka lake lilikuwa na upana wa mikono miwili, cherehani moja, taa moja, na kanzu zimening'inizwa mpaka uchochoroni. Alikuwa akidarizi shingo kwa mkono, uzi mwekundu wa hariri, na akizungumza nawe haachi kushona. Mwanangu alishonewa naye kanzu za Idi tatu mfululizo. Kila mara alikuwa akiacha upindo mpana chini. Ananiambia, "Nimemuachia, atarefuka. Mwakani uniletee niushushe, usinunue nyengine."

Alikuwa na sauti nyembamba. Masika maji yakijaa uchochoroni alikuwa akiinua kanzu yake kwa vidole viwili, anapita ukutani ukutani, akikutana na mtu anasema, "Taratibu, nisije nikarowa."

Mimi nilikuwa na mchezo wa wiki kwenye redio, na wiki moja nilikaukiwa. Nikaangalia dirishani. Nikamuona. Nikachukua sauti, nikachukua vidole viwili, nikachukua na yale maneno. Muigizaji alikuwa hodari, alimpatia hasa. Alkhamisi ile barazani watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nikapongezwa. Wiki ya pili wakubwa wakanambia muongeze. Nikamuongeza, na kila akiingia alikuwa na maneno yale yale. Taratibu, nisije nikarowa. Nyimbo ikamalizika, kicheko, tukaenda kwenye tangazo.

Mwezi haukwisha watoto wakawa wanamfuata fundi. "Asije akarowa! Asije akarowa!" Mchana na jioni. Yeye anainama, anashona.

Usiku wa kuamkia Idi alitoka dukani na mzigo wa kanzu kichwani, kazi ya mwezi mzima, anazipeleka kwa wenyewe. Vijana wawili, si watoto hawa, ndevu zimeshaanza kuwatoka, walikuwa juu kwenye roshani na ndoo ya maji ya mtaro. Wakaipindua. "Asije akarowa!"

Nilikuwa dirishani. Niliona. Sikuteremka.

Alisimama kidogo. Kisha akauteremsha mzigo kwenye baraza ya mtu, akaufungua, akaanza kuzitazama moja moja. Ule uzi mwekundu ulikuwa umechuja. Kwenye kila shingo nyeupe rangi ilikuwa inateremka kifuani, inateremka, na yeye anaipangusa kwa kiganja na inazidi kuenea. Hakusema kitu. Alizihesabu. Zilikuwa 11. Usiku ule taa ya dukani haikuzimwa, na asubuhi takbira zinapigwa nilimuona anazianika. Baadhi ya wenye kanzu hawakumlipa. Kabla ya Idi ya pili cherehani ilipakiwa kwenye gari la ng'ombe ikashuka Malindi, bandarini.

Najua mnataka kuuliza. Alikuwa ni wale? Sijui. Hakuwahi kuniambia, na sikuwa na haki ya kumuuliza. Mimi ndiye niliyemuamulia, kwa sababu ya sauti na vidole viwili, na mji ukapokea uamuzi wangu kama taarifa ya habari. Hiyo ndiyo nguvu mliyonayo hapo kwenye madaftari yenu. Msichukue mwendo wa jirani yenu mkaufanya kicheko. Na mkiandika mtu wa namna hiyo wa kubuni, basi mbuni mzima. Muandikeni anavyokata bei ya samaki Darajani. Muandikeni ana mama mgonjwa anayemuosha miguu. Muandikeni amekosea, amedanganya, ni mchoyo, kama watu wengine walivyo wachoyo. Apendwe na mtu. Akiingia, aingie kwa sababu ana jambo la kufanya katika hadithi, na akitoka, hadithi imtafute. Hamtovunja sheria kwa kumpa mtu kazi na mama. Na wakubwa wakikuambieni muongezeni kiuno, kumbukeni nilivyokubali mimi.

Nilimuona fundi mara moja tena, miaka mingi baadaye, Wete. Nilikwenda Pemba kurikodi sauti za msimu wa karafuu kwa ajili ya mchezo, nikataka kanzu ya mjukuu, nikaelekezwa duka. Nikatoa salamu mlangoni. Aliitambua sauti yangu kabla ya kunyanyua kichwa. Ndevu zilikuwa zimeshaota mvi, uzi mwekundu uko mdomoni. Akasema, "Ni wewe uliyekuwa ukiandika."

Nikamwambia ni mimi. Nikamwambia nilikuwa dirishani usiku ule. Nikamuomba radhi, na maneno yalinitoka vibaya, yamejikata kata, mimi ninayeishi kwa maneno.

Alivuta uzi mpaka mwisho, akafunga fundo. Akasema, "Mchezo wako niliusikiliza wote, mpaka wa mwisho. Kila Alkhamisi nilikuwa nafungua redio, nangoja yule mtu aseme neno jengine."

Sikuwa na jibu. Nje mvua ilikuwa imeshaanza. Akasogeza majora ya vitambaa, akanivutia stuli ndani, mbali na mlango, akaniambia nikae, nguo yangu ilikuwa inarowa.

Nakushukuruni.